Kutoka mawe ya Dodoma hadi nguzo za Isimila: siku kwa siku na wanafunzi wa darasa la tano

Njia hii inaanza Dodoma mjini, inapanda hadi Kondoa na Kolo, inarudi kusini kupitia Mtera na kuishia Isimila, nje kidogo ya Iringa. Ni barabara isiyozidi kilomita 700, na ndani yake mtoto anaona kwa macho mambo matatu ambayo darasani huchanganywa na kuwa jambo moja liitwalo mmomonyoko: mwamba kuchakaa papo hapo ulipo, vipande vyake kubebwa, na vipande hivyo kutuama mahali pengine. Mtoto anayeyachanganya haya atakariri maelezo na kufaulu mtihani, lakini ukimwonyesha kilima hawezi kukuambia nini kinaendelea pale. Kwa hiyo kila siku ya safari ilipewa jambo lake, na maswali ya kesho hayakuruhusiwa kuingia leo.

Msimu ni Julai. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukatika Aprili. Nje ya hapo makorongo ni makavu na kingo zake hazilainiki kwa maji. Watoto waligawanywa makundi ya watano watano. Kila kundi lilibeba kioo cha kukuzia, chupa mbili za plastiki zenye kuta angavu za nusu lita, chupa tatu za lita moja na nusu zilizokatwa ubavu, kopo lililotobolewa matundu ishirini kwa msumari mwembamba, kamba ya mita 10 yenye fundo kila nusu mita, rula, daftari lisilo na mistari, na kipimajoto cha maabara. Sisitizeni cha maabara. Cha hospitali huishia nyuzi 42, na jiwe la Dodoma alasiri hupita hapo. Kioo kitapasuka mkononi mwa mtoto.

Siku ya kwanza: Dodoma, mahali mwamba unapobabuka

Vilima vinavyouzunguka mji wa Dodoma ni itale, ambalo wengine huliita granaiti. Liliganda chini ya ardhi, kilomita kadhaa kwenda chini, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Hilo ndilo la kwanza kumwambia mtoto aliyekaa juu ya jiwe: hapa ulipokaa palikuwa chini sana ya ardhi, na kila kilichokuwa juu yake kimeshaondoka.

Saa moja asubuhi makundi yalipima joto la uso wa jiwe: balbu ya kipimajoto inalazwa juu ya jiwe, inafunikwa kwa kitambaa kikavu kilichokunjwa mara nne, inasubiriwa dakika tano. Saa nane mchana walirudia mahali palepale palipowekwa alama ya chaki. Kosa la kawaida ni kusoma kipimajoto baada ya kukiinua; usomaji hufanyika kikiwa kimelala. Kosa la pili ni kupima asubuhi upande wa mashariki na mchana upande wa magharibi, halafu kulinganisha.

Hapa vitabu vingi humaliza kazi haraka: mchana jiwe hutanuka, usiku husinyaa, basi hupasuka. Mwaka 1936 mwanajiolojia Mmarekani David Griggs alilijaribu jambo hilo. Alipasha na kupoza kipande cha itale mara 89,400, sawa na takriban miaka 244 ya mchana na usiku, katika hewa kavu. Uso uliosuguliwa haukubadilika hata chini ya hadubini. Alipoanza kukipoza kwa maji, muda uliolingana na miaka miwili na nusu tu ulitosha kuleta nyufa. Kipande chake kilikuwa kidogo na hakikubanwa pande zote kama mwamba wa mlimani, kwa hiyo hatufundishi kwamba joto halifanyi kitu. Tunafundisha kwamba joto likiwa na maji hufanya kazi kubwa kuliko joto peke yake. Mtoto akiisha kuyatia maji akilini, mengi ya siku zinazofuata hujieleza.

Kisha zoezi la kusikiliza. Chukua kokoto la ukubwa wa ngumi, gonga uso wa jiwe polepole kila hatua moja. Mahali pengine sauti ni kali na fupi. Pengine ni nzito na tupu, kwa kuwa chini yake kuna ganda lililokwisha kuachana na mwili wa mwamba. Maganda haya yanafuata umbo la kilima. Sababu kubwa ni mzigo ulioondoka juu: itale lililokuwa limebanwa chini, likifunguliwa, hutanuka kuelekea nje na kupasuka sambamba na uso wake. Watoto walichora ramani ya sauti kwa rangi mbili na wakagundua wenyewe kwamba sehemu tupu ziko karibu na kingo za maganda. Nyundo ya chuma isitumike, vipande vyake huruka machoni. Wala mtoto asikae chini ya ganda lililoning'inia kwa sababu ya kivuli, maana ndipo wote hukimbilia jua likiwaka.

Sehemu tajiri kuliko zote ni mguuni pa jiwe, pale ambapo wageni hukanyaga na kupita. Kuna changarawe kali, yenye pembe, ambayo haijasafiri hata mita kumi. Ukiishika na kuitazama kwa kioo unaona chembe za aina tatu: kwatzi, ngumu na angavu, felspa, nyeupe au ya waridi, isiyong'aa, na ulanga, vibamba vyembamba vinavyometa. Ikwaruze felspa kwa ukucha wa kidole gumba. Katika jiwe zima haikwaruziki. Katika changarawe hii, chembe nyingine za felspa hugeuka unga. Maji ya mvua hunasa hewa ukaa angani na udongoni yakawa na uchachu kidogo. Uchachu huo huila felspa na kuiacha kama mfinyanzi. Kwatzi haidhuriki, basi chembe zilizoshikana hulegea na jiwe hubomoka kuwa mchanga. Mchanga wa mto na mfinyanzi wa chungu vimetoka katika jiwe moja.

Jaribio la chupa linathibitisha. Weka vijiko vitatu vya changarawe hiyo, jaza maji robo tatu ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, simamisha. Mchanga hukaa chini ndani ya sekunde chache, lakini maji hubaki na rangi ya maziwa hadi kesho yake. Likishindikana, angalieni maji. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, na chumvi huzifanya chembe za mfinyanzi zishikane na kuzama upesi. Maji yanatakata ndani ya saa moja na mtoto anahitimisha kwamba mfinyanzi haukuwapo. Tumieni maji ya mvua au ya chupa. Chupa hizi zilifungwa vizuri na kusafiri nasi.

Jioni kulikuwa na jaribio la siki. Wengi huleta chaki ya ubaoni, na mara nyingi halitoi povu, kwa kuwa chaki nyingi za siku hizi ni za jasi. Tumieni ganda la yai au la konokono katika siki inayolifunika. Povu huonekana mara moja, na ganda la yai likiachwa usiku kucha hubaki utando laini. Kipande cha itale katika siki hiyohiyo hakifanyi chochote kinachoonekana. Hilo si kushindwa. Ni somo kwamba uchachu huo huo hula mawe kwa kasi tofauti, na kwamba itale hungoja muda ambao mtu hawezi kuungoja.

Siku ya pili: Kondoa hadi Kolo

Ni kilomita kama 160 hadi Kondoa, lami tupu, na Kolo iko mbele kidogo kwenye barabara ya Babati. Kwenye ofisi ya mambo ya kale ya Kolo mnajiandikisha, mnalipa ada na kupewa mwongozaji. Hairuhusiwi kupanda bila yeye. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Watoto walikuja kwa ajili ya picha za wanyama na watu, na waachwe wazitazame kwanza, bila maswali. Somo la siku ni kwa nini picha zipo pale na si kwenye jiwe la jirani. Wakiulizwa hivyo, hutazama juu: paa la mwamba limejitokeza na mvua haifiki ukutani. Kisha waelekezwe wanapokutana maji na picha. Penye mchirizi mweusi au mweupe unaoshuka kutoka kwenye ufa, rangi imefifia au imefunikwa. Mwamba wenyewe ni mmoja. Kinachotofautisha ni njia ya maji. Hakuna kugusa, hakuna kumwagia maji ili picha ing'ae, hakuna kutimua vumbi chini ya ukuta. Jasho na vumbi ni sehemu ya kuchakaa kwa mwamba, na hapa uchakavu hauwezi kurudishwa.

Alasiri ilikuwa ya kuangalia mizizi ya mikuyu iliyojipenyeza katika nyufa. Fupi tu. Mzizi hauanzishi ufa. Huingia katika ufa uliopo na kuupanua.

Siku ya tatu: makorongo ya Irangi

Leo ndiyo zamu ya kubebwa. Vilima vya Irangi, wanakokaa Warangi, vilikuwa vimechanwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Yalichimbwa makinga maji, ikapandwa miti, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi na vichaka vilirudi. Wafugaji walilipa gharama kubwa, na watoto waambiwe hivyo bila kufichwa, kwa sababu udongo uliookolewa ulikuwa na watu juu yake.

Sheria za korongo zilisomwa kabla ya kushuka garini. Hakuna kusimama ndani ya mita mbili kutoka ukingoni, maana maji hula ukingo kwa chini na juu hubaki kama dari ya udongo. Hakuna kuingia kwenye mto wa mchanga kama kuna wingu upande wa milimani, hata kama utosini pana jua. Mwalimu mmoja hubaki juu, siku zote.

Vipimo vitatu vilifanyika. Cha kwanza ni sura ya korongo: kamba inavutwa kutoka ukingo hadi ukingo ikishikwa na walimu, na kila fundo mtu mzima anateremsha kamba yenye jiwe, watoto wanaandika kina na kuchora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa nusu mita. Cha pili ni mizizi iliyo wazi. Tafuta mti uliosimama kwenye mteremko, pima kutoka shingo ya mzizi, pale ambapo gome la shina linaishia, hadi udongo wa leo. Pima upande wa juu na upande wa chini, kwa kuwa upande wa juu udongo hurundikana na upande wa chini huchimbwa. Mwenye shamba akijua mti ulipandwa lini, gawanya. Watoto wakipima upande wa chini tu hupata jibu kubwa la kutisha ambalo si kweli.

Cha tatu tunakipenda kuliko vyote, na hakihitaji chombo zaidi ya rula. Kwenye udongo mtupu, piga magoti. Utaona makokoto madogo, kila moja limesimama juu ya kinguzo chake cha udongo. Tone la mvua limepiga pande zote na kurusha chembe, lakini chini ya kokoto halikufika. Urefu wa kinguzo ni kina cha udongo ulioondoka tangu mara ya mwisho udongo ule kulimwa au kukanyagwa. Pimeni ishirini, mpate wastani. Ni hapo watoto walipoelewa kwamba korongo ni sehemu inayoonekana tu. Shamba lote hushuka, kimya kimya, kwa milimita.

Baada ya chakula, chupa zilizokatwa ubavu. Zilazwe tatu sambamba, mkia umeinuliwa kwa tofali moja la kulaza, mdomo ukielekea kikombe. Ya kwanza udongo mtupu, ya pili udongo uleule wenye matandazo ya nyasi kavu unene wa vidole viwili, ya tatu pande la nyasi hai lenye mizizi yake. Udongo uwe kina cha vidole vinne na uso wake uwe chini kidogo ya mdomo wa chupa. Lita moja ya maji inamiminwa kupitia kopo lenye matundu, kwa muda wa dakika moja, kutoka urefu wa magoti. Pima maji yaliyotoka, yaache yatuame, pima tope.

Panapoharibika ni pengi. Udongo mkavu kabisa hukataa maji mwanzoni na kuelea, kwa hiyo vyote vitatu vinyunyiziwe kikombe kimoja na kusubiri robo saa. Pande la nyasi lisiposhindiliwa pembeni, maji hupita kati ya udongo na plastiki na nyasi huonekana hazifai kitu. Mtoto mwenye haraka humwaga badala ya kunyunyizia, na kila chupa hutoa tope. Kopo lishikwe na mtoto mmoja kwa chupa zote tatu, mkono uwe uleule.

Kisha walipewa matokeo ya jaribio la kweli. Katika miaka ya 1930, Mpwapwa, mkoa huuhuu wa Dodoma, vilitengwa viploti, yaani vipande vidogo vya shamba, vya kupimia mmomonyoko kwenye mteremko mdogo. Ploti isiyo na mimea ilipoteza karibu nusu ya mvua yake na tani 146 hivi za udongo kwa hekta kwa mwaka. Ya mtama ilipoteza robo ya mvua na tani 78 hivi. Ya nyasi ilipoteza asilimia 2 hivi ya mvua, na udongo karibu na sifuri. Tani kwa hekta hazimwambii mtoto kitu, basi wakagawanya: tani 146 kwa hekta ni kilo 14.6 kwa mita moja ya mraba, yaani ndoo ya lita kumi iliyojaa udongo. Chora mita moja ya mraba chini, weka ndoo juu yake, nyamaza.

Siku ya nne: barabara ndefu, na Mtera

Siku ya gari, Kondoa hadi Iringa. Chupa za siku ya kwanza zilitolewa na kusomwa: mchanga chini, juu yake tabaka jembamba la mfinyanzi, maji juu karibu angavu. Usiziache zigongane, mtikisiko wa basi huvuruga kila kitu, ni afadhali zisimamishwe ndani ya boksi lenye magazeti.

Bwawa la Mtera kwenye mto Ruaha Mkuu ni mahali pa kusimama nusu saa. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha karibu na ukuta wa bwawa au mitambo. Swali ni moja: mto unaokuja na tope ukikuta maji yaliyosimama, unafanya nini? Jibu lilitengenezwa kando ya barabara: beseni lenye maji kina cha vidole vitatu, kipande cha bati kilichokunjwa kuwa mfereji, na mchanganyiko wa mchanga, changarawe na mfinyanzi unaosukumwa na maji ya jagi kidogo kidogo. Mzigo unatandazika mlangoni mwa beseni kama kiganja kilichokunjuliwa, changarawe karibu, mchanga mbele yake, ukungu wa mfinyanzi mbali. Mimina kwa nguvu na vyote vitafika katikati kwa pamoja, jambo ambalo nalo ni la kuandika: kasi ya maji ndiyo inayoamua nani ashuke wapi.

Siku ya tano: Isimila

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya. Fikeni saa mbili asubuhi, mwanga ukiwa wa pembeni, tabaka huonekana wazi. Kuna makumbusho madogo, na mwongozaji huwateremsha korongoni.

Hapa mambo yote matatu yako ukuta mmoja. Zamani sana maji yalileta mchanga na mfinyanzi yakautuamisha, tabaka juu ya tabaka. Watu wa Enzi ya Mawe waliacha mashoka yao ya mkono katika tabaka hizo. Wataalamu walianza kuyachimba mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye maji yaligeuka kutoka mjenzi kuwa mkataji, yakachonga korongo, na penye tabaka gumu juu, udongo wa chini yake ulikingwa ukabaki umesimama kama nguzo. Mtoto aliyepima vinguzo vya kokoto Irangi hahitaji kuelezwa nguzo za Isimila. Msubirini aseme mwenyewe. Kwa kawaida husema kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kazi ya asubuhi ilikuwa kuchora nguzo moja, kwa tabaka, kuanzia chini. Kila tabaka linaandikwa rangi, ukubwa wa chembe (mfinyanzi, mchanga, kokoto), na kama limeingia ndani au limetokeza nje. Lililotokeza ndilo gumu. Makosa hutokea watoto wakichora nguzo kama mstatili mmoja na kuipaka rangi. Wapeni kipande cha karatasi kilichotobolewa dirisha la sentimita 5, wachore kinachoonekana ndani ya dirisha tu, kisha wasogee. Hakuna kupanda, hakuna kuegemea, hakuna kuokota jiwe hata likionekana la kawaida. Mashoka hayo hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na jiwe likiisha kuondolewa mahali pake halimwambii tena mtafiti lilikuwa tabaka gani.

Kabla ya kuondoka, kila kundi lilipewa kadi kumi na mbili zenye matukio waliyoyaona na kuzipanga kwenye mafungu matatu: kuchakaa, kubebwa, kutuama. Ganda lililolegea, felspa kuwa unga, tope kikombeni, mchanga mlangoni mwa beseni, hizo ni rahisi. Kadi za thamani ni zenye ubishi. Jiwe lililosukumwa na mzizi likabingirika mita tatu ni lipi? Mzizi ulipanua ufa, hiyo ni kuchakaa. Uzito ulilishusha, hiyo ni kubebwa. Kadi inachanwa vipande viwili na kuwekwa mafungu mawili, na ubishi wa namna hii usikatizwe upesi.

Kazi inayobaki ni ya shuleni, na ianze kabla ya Desemba. Nunueni misumari ya inchi sita, toboeni vizibo vya soda, mvisheni kila msumari kizibo kimoja kiwe kama pete. Pigilieni kwenye mteremko wa uwanja, mistari miwili ya misumari mitano: mmoja penye udongo mtupu, mmoja penye nyasi, kila msumari ukibaki sentimita 5 juu ya ardhi na kizibo kikilala chini. Baada ya kila mvua kubwa pimeni kutoka kichwa cha msumari hadi kizibo. Udongo ukiondoka, kizibo hushuka. Ukirundikana, hufunikwa, na hapo pimeni hadi udongo, muandike alama ya kujumlisha. Msumari uliolegea au kung'olewa na mbuzi haupimwi tena msimu huo. Usipigiliwe karibu na matone ya paa la bati, maana hapo mtapima bati, si mvua. Na vichwa vyote vipakwe rangi nyekundu, kwa sababu watoto hukimbia uwanjani pekupeku.